Vidonge Kwenye Kikasha cha Vifungo

Tone la damu lilidondoka kwenye ukingo wa koti jeupe kabla Bi Pindo hajakiondoa kidole. Hakupiga kelele. Fundi wa miaka yote ile achomwe na sindano apige kelele, watu watasemaje? Alifanya lile wanalolifanya mafundi: alikata kipande cha uzi, akakitafuna mpaka kikalowa, akakisugua juu ya doa. Mate ya mwenye damu ndiyo yanayoitoa damu yake. Ndivyo alivyofundishwa akiwa msichana, na hakuwahi kuona yakishindwa. Doa likafifia, likawa kivuli, kivuli nacho kikawa cha kutafutwa kwa macho.

Kidole ndicho kilichokataa. Alikifunga kwa kipande cha kitambaa, kikalowa. Akafunga kingine juu yake, nacho kikaanza kuwa chekundu, kama uso wenye haya. Akakaa akikitazama kidole chake kama mtu anayetazama bomba linalovuja kwa jirani. Kuogopa alikuwa bado, ila alitaka sana kujua limeanza kuvuja wapi.

"Umemuua nani huko?" aliuliza Fundi Viatu.

Mzee huyu alikaa upande wa pili wa baraza hiyohiyo, misumari mdomoni, kiatu cha mtu kimelala kifudifudi mapajani mwake. Walikuwa wamekaa baraza moja kwa muda mrefu mpaka kila mmoja alikijua kikohozi cha mwenzake, kipi cha mafua na kipi cha umbea.

"Sindano imenionja tu."

"Imekuonja au imekaa kitako ikanywa? Wahenga walisema damu nzito kuliko maji."

"Wahenga hawakuiona yangu."

Fundi Viatu alicheka, nusura ameze msumari.

Bi Pindo halikuwa jina lake la kuzaliwa. Wateja walimpa, kwa sababu hakuchoka kuwaambia kuwa kushona kila mtu anashona, lakini fundi utamjua kwenye pindo. Msimu ule alikuwa anashona nguo za karate. Mwalimu wa karate wa mtaa wa nyuma, kijana mnene mwenye sauti ya mtu mwembamba, alikuwa amepata wanafunzi wengi kuliko nguo. Kitambaa chenyewe kizito kama turubai. Sindano ilikuwa haipiti mpaka uisukume kwa subana ya kidoleni, na ikipita, inapita na wewe.

Jambo jingine ni kwamba nguo ya karate haina kifungo hata kimoja. Ndiyo maana kikasha chake cha vifungo kilikuwa kimepata wapangaji wapya.

Kikasha hicho marehemu mumewe alikitengeneza kutokana na bati la biskuti, akakigawa vyumba vidogovidogo kwa mikono yake mwenyewe. Zamani kila chumba kilikuwa na aina yake ya vifungo. Sasa vifungo vilihamishiwa ndani ya soksi kuukuu, na vyumbani mlikuwa na vidonge. Vya njano vya mafuta ya samaki, vinang'aa kama macho ya paka. Hivyo vya magoti. Vya kahawia vya kitunguu saumu, vya moyo. Vyekundu laini, vitamini ya ngozi na mishipa. Vya kijani, vya majani fulani ambayo jina lake lilikuwa linamshinda kutamka, vya kumbukumbu. Na pembeni kabisa, chumba cha mwisho, kidonge kidogo cha rangi ya waridi ambacho daktari alimpa tangu moyo wake ulipoanza kukimbia hali mwenyewe amekaa.

Hakuvimwaga humo kwa uzembe. Vifuniko vya chupa zile vilikuwa vinataka ubonyeze huku unazungusha, na vidole vyake vilikuwa vinaweza kimoja tu kati ya hayo mawili. Maandishi nayo yalikuwa kama safari ya sisimizi. Lakini rangi na ukubwa? Hapo alikuwa mwalimu. Mtu aliyetenganisha vifungo maisha yake yote, atashindwa vidonge?

Vingi vililetwa na mteja mmoja, mwanamke mwenye begi kubwa na maneno matamu, aliyekuja kupunguziwa sketi. "Mama, usiogope," alimwambia. "Hii siyo dawa. Hii ni lishe." Bi Pindo alilipenda neno hilo. Dawa ni ya mgonjwa, lishe ni ya kila mtu. Na kusema kweli, haikupita muda magoti yakaacha kuuma. Akawa anapanda ngazi za baraza bila kushika ukuta, na asubuhi alikuwa anaamka mwepesi. Nani angemwambia aache?

Wakati wa chai, kikasha kilifunguliwa kama bao.

"Nipe viwili vya njano, nikupe kimoja cha kijani," Fundi Viatu alisema.

"Kijani chako kina faida gani?"

"Kimenirudishia majina ya watu. Jana nimelikumbuka jina la mwalimu wangu wa darasa la kwanza."

"Likakusaidia nini?"

"Nimemchukia upya."

Walimeza, wakashushia chai, wakakaa wakijisikiliza, kama watu wanaosubiri kuona mgeni atabisha mlango gani.

*

Binti yake Bi Pindo alikuwa mpishi wa shule. Alikuja jioni, bado ana harufu ya moshi, akamkuta mama yake amekunja mikono ya gauni kwa sababu ya joto. Akamshika mkono, akaugeuza kwenye mwanga.

"Mama, nani amekupiga?"

"Pembe ya meza."

"Meza gani hii yenye ngumi?" Alama ilikuwa ya zambarau, pana kama kiganja, na nyingine ilikuwa inaanza kugeuka njano juu ya kiwiko. "Na kidole?"

"Sindano. Mimi na sindano tumezoeana."

"Zamani ilikuwa inakuchoma, unanyonya kidole, unaendelea. Leo umefungwa kama mtoto aliyetahiriwa. Umemwambia daktari?"

"Nitamwambia."

"Mficha maradhi..."

"Malizia."

"Malizia mwenyewe, unaijua." Binti akakaa kwenye kiti cha wateja. Sauti ikashuka. "Chumba nimekipaka rangi. Nguo hizi za karate zikiisha, cherehani inafungwa, unakuja kukaa kwangu. Siwezi kuwa jikoni nakoroga sufuria huku roho iko huku, nawaza umeanguka, nawaza umemwagika damu peke yako. Siwezi, Mama."

Bi Pindo alikijua chumba hicho. Kilikuwa safi, na dirisha lake lilitazama ukuta. Alijiona ameketi humo, mikono mapajani kama glavu mbili zisizo na mwenyewe, anasubiri kuitwa chakula. Akaweka kiganja juu ya kifuniko cha kikasha. Binti yake hakuuliza chochote, maana kwake kile kilikuwa kikasha cha vifungo, kama kilivyokuwa tangu utoto wake.

"Zikiisha nguo, na damu haijaacha, nitakuja," Bi Pindo alisema. "Ikiacha, nabaki."

"Itaachaje yenyewe?"

"Nani amesema yenyewe?"

*

Nguo ikivuta mahali, fundi hafumui nguo nzima. Anafumua mshono mmoja, anamvisha mteja tena, anatazama. Bado inavuta? Anaurudishia, anafumua mwingine. Na haanzi popote tu. Anaanza na mshono ulio karibu na panapobana. Hivyo ndivyo Bi Pindo alivyowatoa watu kwenye aibu ya sherehe nyingi, na hivyo ndivyo alivyokaa mbele ya kikasha chake asubuhi iliyofuata, miwani puani, akiwaza.

Tatizo ni la damu. Humu ndani, nani anayehusika na damu? Samaki ni wa magoti. Kitunguu ni cha moyo. Majani ni ya kichwa. Wa damu ni mmoja tu, yule wa waridi pale pembeni. Daktari mwenyewe alisema: hiki ni cha damu.

Basi akaanza na hicho: akaacha kukimeza.

Jamani, hakuwa mjinga. Alitumia akili, tena akili ileile iliyomlishia watoto. Ila mwili wa mtu hauna mshono unaoonekana kwa nje.

Kila asubuhi, kabla ya kukanyaga cherehani, alijichoma ncha ya kidole kwa sindano safi, akakibonyeza kidole kwenye kipande cheupe cha kitambaa, akakiacha hapo mpaka amalize kusema sala yake fupi. Kisha akakibandika kipande ukutani kwa pini, kando ya dirisha. Doa la kwanza lilisambaa kama kifungo cha koti. Siku zilizofuata likawa la kifungo cha suruali, kisha cha shati. Hatimaye likatoka moja dogo, la mviringo, zuri hata kulitazama, kama kifungo cha nguo ya mtoto mchanga.

Alilishangilia kwa mguu, akikanyaga cherehani bila kitambaa ndani yake.

"Njoo uone," alimwita Fundi Viatu.

Mzee akaja akichechemea, kiatu cha mtu mkononi, akavitazama vipande vile kimoja baada ya kingine. "Kwa hiyo daktari ndiye aliyekuwa anakunywa damu yako?"

"Usimseme daktari. Mshono wake ulikuwa unabana tu."

"Hm." Fundi Viatu akajikuna kidevu kwa kisigino cha kiatu. "Sasa kile kilikuwa cha nini hasa?"

"Si nimekwambia, cha damu."

"Ya kuifanya nini?"

Bi Pindo akasukuma pini moja ukutani. Alielezwa, ni kweli. Alielezwa siku ileile aliyoelezwa mambo mengi, akiwa na hofu, akitazama midomo ya daktari badala ya kusikiliza yanayotoka. Kilichobaki kichwani kilikuwa neno moja: usiache.

"Ya kuiweka sawa," alijibu. "Na sasa iko sawa. Rudi kwenye viatu vyako."

*

Mwalimu wa karate alikuja kujaribu koti lake mwenyewe, la mwisho katika zile nguo. Alisimama katikati ya chumba kama kabati jipya, akapitisha mikono.

"Bibi, hapa kuna kivuli," alisema akitazama ukingo. "Ni damu?"

"Yangu. Imeshatoka, hiyo ni roho yake tu."

"Iache. Wanafunzi watadhani nimempiga mtu."

Bi Pindo akacheka, akamzunguka, akainua utepe wa kupimia ili aone urefu wa mkono. Utepe ukaanguka. Akainama kuuokota, mkono wa kulia ukafika chini, lakini vidole havikufumba. Akaviangalia. Vilikuwa vimelala juu ya kitambaa cheupe kama vya mtu mwingine aliyevisahau pale. Ajabu ni kwamba jambo la kwanza lililomjia halikuwa hofu. Alijiuliza: sasa hii imefumuka wapi?

Alitaka kumwambia kijana anyooshe mkono.

"Uzi," alisema.

"Unataka uzi, Bibi?"

Hapana. Alitaka kusema hapana. "Uzi," ulimi ukasema. "Uzi, uzi."

Barazani Fundi Viatu akacheka. "Leo umekunywa nini, dada, mbona..." Kisha akachungulia ndani, akauona mdomo wake, upande mmoja umeshuka kama pindo lililofumuka. Misumari ikamtoka mdomoni, ikatawanyika sakafuni.

Mwalimu wa karate hakuuliza. Alimbeba Bi Pindo kama anavyobeba godoro la mazoezi, akakimbia naye, koti lisilo na pindo likipepea nyuma yake, watu wakimpisha barabarani wakidhani ni ugomvi.

*

Hospitalini mkono ulirudi. Ulirudi kidogokidogo, wenyewe, kama paka aliyekuwa matembezini, na maneno yakaufuata. Daktari wake yuleyule, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba shingoni, alimwambia afumbe ngumi, afumbue, atabasamu, ataje vitu vilivyomo chumbani. Bi Pindo akavitaja vyote, na akaongeza kuwa pazia lile limekatwa vibaya.

"Mama, umepona sasa hivi, lakini hilo lilikuwa onyo," daktari alisema. "Kidonge chako cha damu unakimeza?"

Bi Pindo akalitazama tena pazia.

Binti yake alikuwa amesimama ukutani na aproni ya jikoni, hajakumbuka kuivua. "Mama?"

"Nilikiacha. Kidogo."

Binti akaziba uso kwa aproni. Daktari hakupandisha sauti, akavuta kiti karibu. "Kuna dawa nyingine unayotumia?"

"Hakuna," Bi Pindo akajibu, na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa. Dawa nyingine hakuwa nayo. Alikuwa na lishe.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka, Fundi Viatu akaingia bila kukaribishwa, jasho linamtiririka, kikasha cha bati amekikumbatia kama mtoto wa kuokota.

"Nisamehe, dada," alisema, akakwepa macho yake. "Daktari, kuna hii. Na mimi pia navila. Tunabadilishana."

Bi Pindo alimtazama jicho ambalo, lingekuwa sindano, asingetoka salama. Daktari akakipokea, akakifungua, akavaa miwani. Akakaa muda mrefu akipitisha kidole chumba kwa chumba. Kisha akainua kitu kimoja cheupe, chenye matundu manne katikati.

"Hiki nacho unameza?"

"Hicho ni kifungo cha shati."

Binti yake alitaka kulia, kikatoka kicheko, kisha vyote viwili vikaja pamoja.

"Sikiliza, mama," daktari alisema. "Moyo wako hupiga vibaya, na damu ikituama humo inaweza kuganda. Donge likiruka, linakwenda kichwani. Kidonge hiki kidogo kinaizuia isigande. Lakini mafuta ya samaki, hivi vyekundu, kitunguu, haya majani, navyo vinaweza kulegeza damu. Ukiviweka vyote pamoja na changu, vinavuta upande mmoja."

"Nguo inakuwa pana mno," Bi Pindo alisema polepole.

"Ndiyo. Ndiyo maana ulikuwa unavuja."

"Halafu mimi nikafumua..." Aliutazama mkono wake juu ya shuka, akakunja kidole kimoja, akakikunjua. "Nikafumua mshono wa bega. Ule ulioning'iniza nguo yote."

Daktari hakuwa fundi, lakini alielewa. Akamweleza ya kufanya: cha waridi kirudi, ila kwa kupimwa damu, vingine vyote vikae pembeni, na kitu chochote kinachopita mdomoni kisicho chakula cha sufuriani, akilete kwanza akione, hata kiitwe lishe, hata kiitwe malaika.

"Nina swali," Bi Pindo alisema.

"Mama, acha daktari apumzike," binti akasema.

"Muache aulize," daktari akasema.

"Magoti yangu. Yalipona kweli, sikuota. Ni nani aliyeniponyesha? Samaki, au mwekundu, au kijani?"

Daktari akavua miwani, akaiacha ining'inie. "Sijui," alisema. "Vikiwa vimechanganywa hivi, hakuna awezaye kujua. Inawezekana ni samaki. Inawezekana ni kwa kuwa ulianza kutembea kwa furaha."

Bi Pindo alilibeba jibu hilo mpaka nyumbani. Lilimkaa kichwani kuliko yale mengine yote.

*

Siku ya kurudi barazani alikuta binti yake amemtangulia. Chumba kimefagiwa. Vipande vyenye madoa vilikuwa bado ukutani, na binti alikuwa amesimama mbele ya ukuta huo, mikono kiunoni, akivitazama kutoka kikubwa hadi kidogo. Bi Pindo akasubiri kusikia habari za chumba kilichopakwa rangi. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa shuka. Akaliona lile shuka, moyo ukamshuka.

"Ulikuwa unajichoma makusudi?" binti aliuliza bila kugeuka.

"Nilitaka kujua."

"Ungeniuliza."

"Ungenifungia cherehani."

Barazani Fundi Viatu alikuwa anagonga kisigino, polepole kuliko kawaida, sikio lote likiwa ndani. Binti akalivuta shuka, akalikunja, kona kwa kona, kama alivyofundishwa humuhumu akiwa mdogo. Akaliweka kwenye kiti. Akalichukua koti la mwalimu wa karate, akaligeuza.

"Hili limebaki nini?"

"Pindo."

Akaketi. Akatoa sindano moja kwenye mto wa sindano, akaipandisha kwenye mwanga, akatunga uzi. Akaichomeka. Akatoa nyingine, akatunga. Alifanya hivyo mpaka mto mzima ukawa na mikia myeupe inayoning'inia.

"Nitakuwa napita asubuhi, kabla ya kwenda jikoni," alisema.

"Kunichunga?"

"Kukutungia uzi."

"Na kidonge?"

"Na kidonge. Nitakitoa mwenyewe kwenye chupa yake, ukimeze mbele yangu, kama wanafunzi wanaokataa maharage."

Barazani kicheko kilitoka, kikajigeuza kikohozi. Bi Pindo alikijua. Hakikuwa cha mafua.

Binti alipoondoka, Bi Pindo akavuta kikasha. Vyumba vilikuwa vitupu. Akaichukua ile soksi kuukuu, akaanza kuvirudisha vifungo kwao: vya koti huku, vya shati huku, vya watoto kule pembeni. Chumba cha magoti kilikuwa kimemficha mpangaji mmoja, wa njano, aliyebana kwenye kona ya bati. Akamtoa. Akambingirisha kiganjani. Alikuwa mwepesi, mlaini, mwenye joto la mkono.

"Usimeze huyo!" Fundi Viatu alipaza sauti.

"Nani ameze? Namuuliza habari za magoti."

Akachukua kipande kipya cha kitambaa cheupe, akakitandaza juu ya meza ya cherehani. Akaweka kidonge katikati. Akachagua sindano nyembamba kuliko zote, akakichoma.

Mafuta yakatoka taratibu, tone moja zito, likakaa kidogo kana kwamba linawaza, kisha likaanza kusambaa kwenye nyuzi, likapita ukubwa wa kifungo cha mtoto, cha shati, cha koti. Fundi Viatu alikuwa ameshasimama mlangoni, kiatu mkononi. Bi Pindo akakiinua kitambaa kwa ncha mbili, akakielekeza dirishani. Pale mafuta yalipofika, weupe ulikuwa umeondoka, na mwanga ulikuwa unapita.

"Unaona nini?" Fundi Viatu aliuliza.

"Subiri," Bi Pindo alisema, akakisogeza karibu na jicho. "Bado linakwenda."